Lami ya zamani ni mali ya wakaaji: isiuzwe gizani, isitupwe mtoni

Mwaka jana, mwezi wa nane, makina zilifika kwenye barabara moja kubwa ya mji wetu wa Lubumbashi na kuanza kung'oa lami ya zamani, ile ambayo wengi wetu tunaiita gudroni. Barabara hiyo ilikuwa imejaa mashimo kwa miaka, na wakaaji walifurahi. Mimi nilikwenda kuandika habari ya kazi hiyo. Niliuliza itaisha lini, itakuwa na upana gani na makuta yanatoka wapi. Swali moja sikuliuliza, na leo najilaumu: mapande yale meusi yaliyokuwa yakipakiwa kwenye kamio yanapelekwa wapi?

Jibu lilinifuata nyumbani, komine ya Katuba. Siku chache baadaye, giza likiwa limeanza kuingia, kamio ya bene ilisimama kwenye avenyu yetu. Dereva akaita watu: "Nani anataka gudroni ya kuweka mlangoni? Mvua ikikuja hamtaona tena matope." Papa jirani, ambaye anaishi kwa kazi ya taksi, alipatana naye bei na kamio ikamwaga mzigo mbele ya parsele yake. Hakukuwa na risiti wala karatasi yoyote. Kamio ya pili ilikosa mnunuzi. Ilimwaga mapande yake kando ya kijito kilicho nyuma ya mtaa, na mvua za kwanza za mwezi wa kumi na moja zilipokuja, njia ya maji ilikuwa imezibwa.

Sitaji kampuni wala dereva, kwa sababu tatizo si mtu mmoja. Tatizo ni kwamba mji wetu hauna utaratibu unaojulikana na mkaaji wa kawaida kuhusu lami inayong'olewa. Kwa hiyo anayeipata ni yule aliyekutana na dereva, na isiyopata mnunuzi inatupwa. Maoni yangu ni haya: lami hiyo ni mali ya wakaaji, inafaa sana kwa milango ya nyumba na kwa njia ndogo za mitaa, na viongozi wa mji wanapaswa kuigawa hadharani, kwa orodha na kwa masharti.

Kwa nini lami ya zamani si takataka

Lami ya barabara ni mchanganyiko. Kwa uzito, karibu asilimia 95 ni mawe yaliyosagwa na mchanga. Asilimia 5 hivi ni bitumi, ule utomvu mweusi unaotoka kwenye petroli na kushikamanisha mawe. Jua na hewa vinaikausha bitumi kwa miaka, inakuwa ngumu, inapasuka, maji yanaingia, na hapo mashimo yanaanza. Lakini mawe yake hayajazeeka. Na bitumi iliyobaki haijaisha nguvu yote: ikivunjwavunjwa, ikatandikwa, ikashindiliwa na kupigwa na jua kali, inalainika kidogo na kushikana tena.

Ndiyo maana lami iliyosagwa ni bora kuliko changarawe tupu mbele ya nyumba. Haitoi vumbi jingi, haisombwi na mvua upesi, na gari au moto ikipita mara kwa mara inazidi kuikaza. Haiwezi kulingana na lami mpya iliyopikwa kiwandani. Haitakuwa laini kama meza, na haiwezi kubeba kamio zenye mizigo mizito kila siku. Lakini kwa gari dogo, moto, baiskeli na burueti ya muuza maji, inatosha kabisa.

Nchi zilizo na pesa kuliko sisi zilielewa jambo hili zamani. Baada ya bei ya petroli kupanda sana mwaka 1973, nchi nyingi zilianza kutumia tena lami ya zamani kwa bidii. Japani inatumia tena zaidi ya asilimia 95 ya lami inayong'olewa kwenye barabara zake. Marekani inakusanya makumi ya milioni ya tani kila mwaka. Sehemu kubwa inarudishwa viwandani kuchanganywa na lami mpya, na nyingine inauzwa kwa watu binafsi, hasa vijijini, ambao wanaitandika kwenye njia ya kuingilia nyumbani. Huko hakuna anayeona aibu kuwa na lami iliyotumika mbele ya nyumba yake.

Sisi tunahitaji jambo hili zaidi yao. Congo inachimba petroli kule Moanda, lakini inauzwa nje ikiwa ghafi, na bitumi ya barabara zetu inanunuliwa ng'ambo. Kwetu Haut-Katanga, vifaa vingi vya ujenzi vinapita mpaka wa Kasumbalesa baada ya safari ndefu ya kamio. Kila pande la lami linalotupwa mtoni limekwisha kulipiwa ununuzi, usafiri na ushuru. Kulitupa ni kama kununua gunia la unga, kula nusu na kumwaga nusu.

Nani alilipa?

Wengine wataniambia: kampuni imeng'oa, basi ni yake. Hapana. Fonds national d'entretien routier, FONER, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na makuta yake yanatoka kwenye bei ya mafuta ya magari na kwenye peaji. Anayepanda moto kwenda sokoni analipa, kwa sababu mwenye moto ameweka esansi. Na kama barabara ilijengwa na jimbo au kwa mkopo wa nchi, bado ni makuta yetu au deni la watoto wetu. Kampuni imelipwa kufanya kazi ya barabara. Kama mkataba unaipa lami ya zamani, basi mkataba uonyeshwe na bei yake ionekane. Kama hauipi, hakuna mwenye haki ya kuiuza usiku kwenye avenyu zetu.

Vilevile, sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba mwaka 2011 kuhusu kulinda mazingira inadai taka zisimamiwe bila kuharibu mazingira na afya ya watu. Kumwaga mapande ya lami kandokando ya kijito ni kinyume cha hayo, na mtu hahitaji kuwa mwanasheria ili kuliona. Mtaa uliopata mafuriko kwa sababu ya kijito kilichozibwa umeliona tayari.

Papa jirani na makosa yake

Narudi kwa Papa jirani, kwa sababu habari yake inafundisha. Alitandaza mapande yake vilevile yalivyokuja, mengine makubwa kama sahani, juu ya udongo laini. Hakuna aliyeshindilia. Mpaka Noeli mlango wake ulionekana mzuri. Mwezi wa kwanza, mvua ilipokaza, mapande yalizama kwenye matope, tairi zikaingia katikati yake na taksi ikakwama mbele ya nyumba. Kubaya zaidi, alikuwa ameinua mlango wake kuliko wa jirani wa upande wa pili, mama mmoja anayeishi na wajukuu wake. Maji yote yakaelekea kwa mama huyo na kuingia ndani ya nyumba. Maneno makali yalitoka, na shauri likafika kwa shefu wa kartye.

Mwaka huu, mwishoni mwa kiangazi, Papa jirani alianza upya. Safari hii aliomba shauri kwa kijana wa mtaa aliyewahi kufanya kazi kwenye ujenzi wa barabara. Nilisimama kuangalia, nikaandika yote, na nayatoa hapa kwa faida ya wasomaji.

Kwanza walitoa mapande yote na kuondoa udongo mweusi wa juu pamoja na mizizi, mpaka wakafika kwenye udongo mwekundu mgumu. Wakaumwagia maji kidogo na kuushindilia. Kazi hii ya chini ndiyo watu wengi wanairuka, na ndiyo inayobeba kila kitu. Lami nzuri juu ya matope itakuwa matope.

Pili walipanga mteremko. Kwa kila meta moja, upande mmoja ushuke sentimeta 2, na maji yaelekee kwenye kanivo ya avenyu, si kwa jirani. Walipima kwa uzi na chupa ya maji, bila chombo cha bei.

Tatu walivunja mapande kwa nyundo mpaka hakuna lililozidi sentimeta 3 au 4. Hii ni kazi ya jasho, lakini vijana watatu waliimaliza kwa siku mbili na walilipwa. Mahali penye makina ya kukwangua, lami inatoka ikiwa tayari imesagwa, na kazi hiyo haipo.

Nne walitandaza kwa tabaka mbili, wakashindilia kila tabaka peke yake, mchana jua likiwa kali, wakinyunyiza maji kidogo ili vipande vipangike. Mwishoni, unene ulikuwa sentimeta 10 hivi. Anayeweza kukodi makina ndogo ya kushindilia afanye hivyo. Kushindilia kwa mkono kunawezekana kwa sehemu ndogo tu, na kunachosha.

Hesabu yake si kubwa. Mlango wa meta 3 kwa 10 ni meta za mraba 30. Kwa unene wa sentimeta 10 baada ya kushindilia, unahitaji meta za ujazo 3, yaani karibu 4 kabla ya kushindilia, maana inapungua. Kamio moja ya bene ya meta za ujazo 8 inatosha nyumba mbili.

Wakati unaofaa kwetu ni mwezi wa tisa na wa kumi. Jua ni kali kuliko miezi mingine na mvua bado hazijashika. Atakayesubiri mwezi wa kumi na mbili atafanya kazi ya Papa jirani ya mara ya kwanza.

Si kila kitu cheusi ni kizuri

Naomba wasomaji wawe waangalifu kwa mambo manne.

La kwanza ni jina lenyewe. Tunaita kila kitu gudroni, lakini gudroni ya kweli, ile iliyotokana na makaa ya mawe, si sawa na bitumi ya petroli. Ilitumiwa kwenye barabara za zamani katika nchi nyingi, na nchi za Ulaya zimeiacha kwa sababu ina sumu zinazoweza kuleta kansa. Pande la zamani sana likivunjwa na kutoa harufu kali kama ya naftalini, usilipeleke nyumbani.

La pili ni moto. Nimeona watu wakichoma tairi chini ya pipa ili kuyeyusha lami. Moshi wa tairi na wa lami iliyounguzwa unaingia kwenye mapafu ya mfanyakazi na ya watoto wa jirani. Kwa mlango wa nyumba hakuna haja ya moto. Jua na kushindilia vinatosha.

La tatu ni mafuta machafu ya magari, yale ya vidanje. Kuna wanaoyamwaga juu ya lami ili ing'ae na kukamata vumbi. Katika mitaa yetu nyumba nyingi zinakunywa maji ya kisima kilichochimbwa ndani ya parsele, na mafuta yanayomwagwa mlangoni hayakai mlangoni. Kwa sababu hiyohiyo, lami yenyewe isitandikwe karibu na mdomo wa kisima.

La nne ni letu hasa, watu wa migodi. Mwaka 2009, wachunguzi wa Congo na Ubelgiji, pamoja na wale wa Université de Lubumbashi, walitangaza kwamba walikuta kobalti nyingi kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini hapa Katanga. Vumbi la madini linasafiri. Barabara ambayo kamio za madini zimepita kwa miaka inaweza kuwa imelibeba. Kwa hiyo naona lami ya barabara hizo isipelekwe mahali watoto wanachezea kabla ya kupimwa, na chuo chetu kikuu kina watu wanaoweza kupima. Na asiwepo wa kuuza mabaki meusi ya viwanda vya madini akisema ni lami. Lami ukiivunja unaona mawe yamevikwa utomvu mweusi, na kwenye jua la mchana inanuka mafuta.

Tuanze na nani?

Kuna pingamizi moja ambalo naliheshimu. Mainjinia wengi wanasema matumizi bora ya lami ya zamani ni kuirudisha kwenye lami mpya, kwa sababu hapo bitumi yake inapunguza ile ya kununua. Ni kweli. Mji ukiwa na kiwanda kinachofanya kazi hiyo, lami nzuri iende huko kwanza. Lakini kwenye kazi nilizofuata kama mwandishi wa habari sijaona hata moja ambapo lami ya zamani ilirudishwa. Niliona ikiuzwa gizani au ikitupwa. Kati ya mto na mlango wa nyumba, mimi nachagua mlango wa nyumba.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi. Nilipomweleza yule mama aliyeingiliwa na maji wazo langu, aliniuliza: "Mwanangu, mimi sina gari. Gudroni ya mlangoni ni ya wenye magari. Mimi nitapata nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye nilielewa kwamba swali lake ndilo linapaswa kupanga orodha. Tukigawa kwa mwenye kulipa tu, tutachukua mali ya wote na kuwapa wenye taksi na wenye mageti ya chuma.

Kwa hiyo napendekeza mpango huu. Kila mkataba wa barabara katika mji useme wazi lami ya zamani itapimwa, itahesabiwa kwa meta za ujazo na kuwekwa mahali pamoja panapojulikana. Office des voiries et drainage, OVD, ambayo kazi yake ni barabara na mifereji ya miji, iamue ipi irudi barabarani na ipi itolewe. Ile inayotolewa ianze kwenye milango ya vituo vya afya na shule, kisha kwenye midomo ya avenyu ambapo moto na ambulansi vinakwama kila masika. Hapo mama asiye na gari anapata yake, kwa sababu naye anapita hapo akienda sokoni au akimpeleka mjukuu hospitalini. Inayobaki iuzwe kwa wenye parsele kwa bei moja iliyobandikwa kwenye ofisi ya komine, kwa risiti, na makuta hayo yaende kusafisha kanivo za mitaa ileile. Anayenunua akubali sharti moja: maji ya mlango wake yaende kwenye kanivo.

Mpango huu hauhitaji mkopo wala wageni kutoka ng'ambo. Unahitaji daftari, kiwanja chenye mlinzi, na mkubwa wa komine anayekubali kubandika karatasi ukutani ili kila mtu aisome. Sisi waandishi wa habari nasi tuna kazi yetu. Barabara ikianza kung'olewa, tusiishie kuuliza itaisha lini. Tuulize pia lami ya zamani imekwenda wapi, nani ameihesabu na nani ameipokea. Mimi nimeanza kuuliza.

Mlango wa Papa jirani sasa umekauka na umekaa sawa. Mvua za kwanza zimepita, na maji yanashuka kwenye kanivo kama alivyopanga. Yeye na yule mama wanasalimiana tena. Lakini kanivo hiyo inaishia kwenye kijito kilekile nyuma ya mtaa, na mapande yaliyomwagwa mwaka jana bado yako pale. Masika yanaanza, na mpaka leo ninapoandika hakuna aliyekuja kuyaondoa.